Imeji Haiwaki! Maswali ya wasomaji kuhusu kujenga diski za mifumo endeshi

Barua nyingi safari hii zimehusu kutengeneza imeji, yaani faili moja iliyobeba diski nzima: jedwali la patisheni, butiloda (programu inayoiita keneli), keneli (kiini cha mfumo endeshi) na mfumo wa faili. Ni kazi ya terminali tupu, bila kisakinishi. Tulipozipanga barua hizo tuliona karibu kila tatizo lina asili moja. Ama kompyuta ya kujengea imejipenyeza ndani ya imeji, ama imeji imevuja na kuigusa kompyuta ya kujengea. Amri zote hapa zinahitaji mamlaka ya root isipokuwa pale tunaposema vinginevyo, na mifano yetu ni ya Debian 13, toleo liitwalo trixie.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nataka imeji ya Debian niliyoipangilia mwenyewe, iwake kwenye kompyuta za UEFI, yaani fimwea (programu ya ndani inayoanzisha uwashaji) ya aina mpya. Zana ni nyingi mpaka nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa mkono, angalau mara moja, ili ujue kila kitu kinakaa wapi. Weka vifurushi vya debootstrap (huijenga Debian ndani ya folda), gdisk na dosfstools, na kwa majaribio qemu-system-x86 (mashine pepe, QEMU) na ovmf (UEFI yake). Kisha tengeneza diski tupu ya GiB 4 yenye patisheni mbili:

truncate -s 4G diski.img
sgdisk -n 1:1M:+512M -t 1:ef00 -n 2:0:0 -t 2:8300 diski.img
losetup --find --show --partscan diski.img

Amri ya tatu huifanya faili ionekane kama diski, yaani kifaa cha loop, na itakujibu jina lake, tuseme /dev/loop0, na patisheni zake zitaonekana kama /dev/loop0p1 na /dev/loop0p2. Ukisahau --partscan, kifaa kitakuwepo lakini patisheni hazitaonekana. Kuanzia MiB 1, yaani sekta ya 2048, hufanya mipaka ya patisheni iende sambamba na vipande ambavyo flashi na SSD huandika kwa ndani. Patisheni ya EFI usiibane mno. FAT32 inadai vishada visivyopungua 65,525, kwa hiyo chini ya takribani MiB 33 huwezi kupata FAT32 halali, na zipo fimwea zinazoikataa bila kutoa neno.

mkfs.vfat -F 32 /dev/loop0p1
mkfs.ext4 /dev/loop0p2
mkdir -p /mnt/jenga
mount /dev/loop0p2 /mnt/jenga
debootstrap trixie /mnt/jenga http://deb.debian.org/debian
mkdir -p /mnt/jenga/boot/efi
mount /dev/loop0p1 /mnt/jenga/boot/efi

Wengi huongeza --variant=minbase ili imeji iwe ndogo. Inaruhusiwa, ila jua kwamba minbase haileti init, programu ya kwanza ambayo keneli huiendesha: keneli itawaka, itapachika diski, kisha itasimama kwa ujumbe wa "No init found". Ukiitumia, sakinisha systemd-sysv mwenyewe.

Sasa andika /mnt/jenga/etc/fstab kwa UUID (vitambulisho vya mifumo ya faili) ulizozipata kwa blkid, kamwe si kwa jina la kifaa:

UUID=... / ext4 errors=remount-ro 0 1
UUID=... /boot/efi vfat umask=0077 0 1

Halafu ingia ndani kwa chroot, amri inayoifanya folda iwe mzizi wa mfumo:

for d in dev proc sys; do
mount --rbind /$d /mnt/jenga/$d
mount --make-rslave /mnt/jenga/$d
done
chroot /mnt/jenga /bin/bash

Ukiwa ndani:

apt update
apt install linux-image-amd64 grub-efi-amd64
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable --no-nvram
update-grub
passwd

Tazama vizuri zile bendera mbili za grub-install, amri inayoweka butiloda iitwayo GRUB. Bila --removable, GRUB hukaa kwenye folda yenye jina la Debian na kutegemea kumbukumbu ya fimwea iieleze ilipo. Kompyuta mpya haina kumbukumbu hiyo. Bendera hii huiweka kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo kila UEFI hupatafuta yenyewe. Nayo --no-nvram ni ulinzi wako: kwa kuwa umeipachika /sys ya kompyuta yako ndani ya imeji, grub-install ina uwezo wa kuandika ingizo la kuwashia kwenye fimwea ya kompyuta unayojengea, kisha kesho yake ukashangaa inatafuta diski isiyokuwepo.

Kabla ya kutoka, badilisha /etc/hostname na /etc/resolv.conf. debootstrap huzinakili kutoka kwa kompyuta ya kujengea, na ndiyo maana baadhi ya imeji huwaka zikiwa na jina la laptopu ya aliyezitengeneza. Toka, kisha:

umount -R /mnt/jenga
losetup -d /dev/loop0
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd -drive file=diski.img,format=raw,if=virtio -snapshot

Usiiache -snapshot. Kila kinachoandikwa wakati wa jaribio hutupwa, na imeji hubaki kama ulivyoijenga. Umuhimu wake utauona kwenye swali la tatu.

SWALI: Imeji yangu inawaka vizuri kabisa ndani ya QEMU. Nikiiandika kwenye SSD ya kompyuta halisi, ama naambiwa hakuna kifaa cha kuwashia, ama inaishia kwenye alama ya "(initramfs)". Faili ni ileile. Kwa nini?

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ndugu, usiyatibu kwa dawa moja.

La kwanza, "hakuna kifaa cha kuwashia", linatokea kabla GRUB haijaguswa. Uliza kwanza uliijaribu kwa fimwea gani. QEMU isipoambiwa neno hutumia SeaBIOS, ambayo ni BIOS ya kizamani. Ukiweka GRUB kwa --target=i386-pc, itawaka huko bila shida, na kompyuta ya kisasa yenye UEFI pekee haitaiona. Ukitaka imeji moja iwake kote kuwili, ongeza patisheni ya MiB 1 ya aina ef02 (usiifomati, GRUB huitumia ikiwa mbichi), weka grub-pc-bin, kisha endesha grub-install mara mbili: mara moja kwa x86_64-efi, mara ya pili kwa i386-pc ukielekeza /dev/loop0. Kama fimwea inaiona diski lakini inaikataa kwa sababu za kiusalama, hiyo ni Secure Boot. Sakinisha shim-signed na grub-efi-amd64-signed kisha urudie grub-install, au uizime kwenye mipangilio ya fimwea.

La pili ni gumu kidogo. initramfs ni mfumo mdogo wa muda wenye draiva, ambao keneli huutumia kuipata diski ya mizizi. Ukifika "(initramfs)", maana yake fimwea, GRUB na keneli vimefanya kazi yao. Kilichokosekana ni diski ya mizizi. Soma mstari ulio juu ya alama hiyo: "ALERT! ... does not exist. Dropping to a shell!" Jina lililotajwa hapo ndilo jibu.

Ikitajwa /dev/vda2, uliandika jina la kifaa cha QEMU kwenye fstab au kwenye mipangilio ya GRUB. Diski ya virtio huitwa vda, ya SATA huitwa sda, ya NVMe huitwa nvme0n1. Ikitajwa /dev/loop0p2, update-grub ndiyo iliyokuponza. Skripti yake hutumia UUID iwapo tu inaikuta chini ya /dev/disk/by-uuid. Isipoikuta huandika jina la kifaa ilichokiona wakati huo, na wakati huo ilikuwa inaona loop. Hili huwapata hasa wanaojenga ndani ya kontena, ambamo udev (huduma inayotengeneza majina ya vifaa) haifanyi kazi na ile folda haijazwi. Kabla ya kuifunga imeji, endesha:

grep root= /boot/grub/grub.cfg

Usipoona UUID hapo, usiendelee.

Ikitajwa UUID iliyo sahihi na bado haionekani, draiva haimo. Kwenye alama ya "(initramfs)" andika cat /proc/partitions. Kama diski haipo kwenye orodha, angalia /etc/initramfs-tools/initramfs.conf ndani ya imeji. MODULES=most hubeba draiva za vifaa vingi. MODULES=dep hubeba zile tu ambazo kompyuta ya kujengea inazitumia, na chroot haiibadilishi hali hiyo, kwa kuwa /sys unayosoma ni ya kompyuta yako. Wanaotumia dracut, zana mbadala ya kutengeneza initramfs, wana kosa pacha: hali ya hostonly, inayozimwa kwa --no-hostonly. Rekebisha, endesha update-initramfs -u -k all, kisha hakikisha:

lsinitramfs /boot/initrd.img-* | grep nvme

Kama diski inatokea kwenye orodha sekunde chache baada ya ujumbe wa kosa, basi ni uvivu wa USB tu. Ongeza rootdelay=10 kwenye mstari wa keneli.

SWALI: Tumeandika imeji moja kwenye kompyuta 20. Kila tukiziwasha pamoja, mbili au tatu zinagombania anwani moja ya IP. Anwani za MAC tumezikagua, zote ni tofauti.

JIBU: Angalia /etc/machine-id. Tunaweka dau zote 20 zina herufi zilezile 32. systemd-networkd hutengeneza kitambulisho chake cha DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) kutokana na faili hiyo, si kutokana na MAC, kwa hiyo seva ya DHCP inaona mteja mmoja anayerudi mara 20. Faili hiyo iliandikwa ama vifurushi vilipokuwa vinasakinishwa, ama ulipoiwasha imeji kwa majaribio bila -snapshot.

Kwa imeji zijazo, mwisho kabisa wa ujenzi, fanya hivi:

truncate -s 0 /etc/machine-id
rm -f /var/lib/dbus/machine-id /var/lib/systemd/random-seed /etc/ssh/ssh_host_*

Faili tupu hujazwa mfumo unapowaka. Kama una huduma zinazotegemea ConditionFirstBoot, faili tupu haitoshi, kwani systemd haihesabu hiyo kuwa mara ya kwanza. Andika ndani yake neno moja, uninitialized.

Kwa kompyuta ambazo tayari ziko kazini, futa machine-id ya /etc pamoja na ile ya /var/lib/dbus, ndipo uendeshe systemd-machine-id-setup. Ukiiacha ya dbus, na kama ni faili kamili badala ya kiungo, amri hiyo itanakili kitambulisho kilekile kutoka humo, nawe utaapa kwamba umekibadilisha.

Funguo za SSH zinahitaji uangalifu wa peke yake. Kompyuta 20 zenye funguo moja maana yake ni kwamba anayeiba diski moja anaweza kujifanya yoyote kati ya zile 19. Ukizifuta, Debian haizirudishi yenyewe, na ssh itakataa kuanza. Weka huduma ndogo ndani ya imeji, kisha uiwezeshe kwa systemctl enable:

[Unit]
Before=ssh.service
ConditionPathExists=!/etc/ssh/ssh_host_ed25519_key
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/ssh-keygen -A
[Install]
WantedBy=multi-user.target

SWALI: Nikimaliza chroot, umount inaniambia "target is busy". Nikalazimisha kwa umount -R pamoja na -l. Tangu hapo kompyuta yangu haifungui terminali mpya. Nimeharibu nini?

JIBU: Hujaharibu kitu cha kudumu. Ulipopachika /dev kwa --rbind bila --make-rslave, upachikaji wa ndani na wa nje ulibaki umeunganishwa kama mapacha, hivyo kuondoa /mnt/jenga/dev/pts kuliondoa pia /dev/pts yako. Terminali mpya haina pa kuzaliwa. Washa kompyuta upya, au kwenye terminali iliyobaki wazi andika:

mount -t devpts devpts /dev/pts -o gid=5,mode=620

Kuhusu "busy", mtafute mwenye kushikilia kabla ya kulazimisha:

fuser -vm /mnt/jenga

Mara nyingi ni terminali yako nyingine iliyobaki ndani ya folda hiyo, au gpg-agent iliyoamshwa wakati wa kuongeza hazina ya vifurushi. systemctl yenyewe hugundua kuwa iko ndani ya chroot na haiwashi huduma, lakini skripti za mtindo wa zamani huwasha. Zizuie kwa kuandika /usr/sbin/policy-rc.d ndani ya imeji, faili yenye mistari miwili tu, #!/bin/sh na exit 101, uipe ruhusa ya kuendeshwa. Ifute ukimaliza. Ukiisahau, kila kifurushi kitakachosakinishwa baadaye kitakataa kuanzisha huduma yake, na mtumiaji wa imeji hatajua kwa nini.

Ipo njia safi zaidi, na tunashangaa haitumiwi inavyostahili. Fungua kazi nzima kwa sudo unshare --mount bash. Kila unachopachika humo hakionekani nje, na ukitoka chote huondoka chenyewe.

Na tafadhali, usiendeshe rm -rf /mnt/jenga kabla ya kuona findmnt -R /mnt/jenga ikirudi tupu. Ukiwa na /dev, au mbaya zaidi /home, iliyopachikwa humo, utakuwa unafuta vya kwako. Bendera ya --one-file-system iwe mazoea.

SWALI: Nina laptopu ya kawaida ya amd64, nataka kujengea kibodi kidogo (kompyuta ya bodi moja, si kibodi ya kuandikia) cha ARM cha 64-bit. Chroot inasema "Exec format error".

JIBU: Prosesa yako haielewi programu za ARM. Sakinisha qemu-user-static na binfmt-support, kisha soma /proc/sys/fs/binfmt_misc/qemu-aarch64. Unataka kuona neno enabled, na herufi F kwenye mstari wa flags. F maana yake keneli imeshaishika programu ya kutafsiri tangu usajili, hivyo huhitaji kuinakili ndani ya imeji kama miongozo ya zamani inavyodai. Baada ya hapo debootstrap --arch=arm64 itafanya kazi, polepole, kwa sababu kila agizo linatafsiriwa.

Kazi kubwa hapo ni butiloda. Vibodi vingi havina UEFI. Chipu husoma U-Boot, butiloda ya vibodi hivyo, kutoka sekta maalumu ya kadi, na kila ukoo wa chipu una mahali pake. Za Allwinner husoma kuanzia KiB 8, yaani sekta ya 16. Za Rockchip husoma kuanzia sekta ya 64. Sasa piga hesabu: GPT, jedwali la patisheni ambalo sgdisk hutengeneza, hukalia sekta 0 hadi 33. Rockchip inapita salama, ila Allwinner inaangukia katikati ya jedwali lako la patisheni. Kwa Allwinner tumia jedwali la MBR, au usogeze maingizo ya GPT mbele kwa sgdisk -j. Kisha:

dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=diski.img bs=1k seek=8 conv=notrunc

Bila conv=notrunc, dd huikata imeji yote iliyo baada ya U-Boot. Faili ya GiB 4 inageuka kuwa chini ya MiB 1 kwa kufumba na kufumbua, bila onyo.

SWALI: GRUB inasema "unknown filesystem" ingawa ni ext4 ya kawaida. Ninajenga imeji ya toleo la zamani la Linux.

JIBU: Ni ext4, lakini si ya zamani. mkfs.ext4 uliyotumia ni ya kompyuta yako. Tangu e2fsprogs 1.47.0 ya mwaka 2023, vipengele metadata_csum_seed na orphan_file huwashwa bila kuombwa. GRUB 2.06 asilia haikitambui cha kwanza, na e2fsck za zamani hukikataa cha pili kwa jina la fumbo, FEATURE_C12. Fomati hivi:

mkfs.ext4 -O ^metadata_csum_seed,^orphan_file /dev/loop0p2

SWALI: Mfumo wangu una MiB 900 tu, lakini imeji ni GiB 8, na hata nikiibana inabaki kubwa. Niifupishe kwa resize2fs -M?

JIBU: Kwanza linganisha ls -lh na du -h. Faili iliyotokana na truncate ina mashimo, na sehemu ambazo hazijaandikwa hazikalii nafasi yoyote. Mashimo hayo hupotea ukinakili kwa scp. Tumia cp --sparse=always, rsync -S au tar -S.

Kama du nayo ni kubwa, kuna takataka ya faili zilizofutwa. Kufuta hakuandiki sifuri, huondoa jina tu, hivyo zana ya kubana inaendelea kukazana na pakeji za apt ulizozifuta zamani. Ukiwa bado umepachika, endesha apt clean ndani, futa yaliyomo kwenye /var/lib/apt/lists, toka, halafu:

fstrim -v /mnt/jenga

Loop hupokea agizo hilo na kutoboa mashimo kwenye faili yenyewe. Ikishindikana, ondoa upachikaji na uendeshe zerofree /dev/loop0p2. Baada ya hapo zstd -T0 -19 diski.img itakupa faili inayoeleweka, au qemu-img convert -c -O qcow2 kama inaenda kwenye mashine pepe.

Kuhusu resize2fs -M, hatuipendi kwa kazi hii. Ukishaupunguza mfumo wa faili, bado unatakiwa kupunguza patisheni, kukata faili, na kurekebisha nakala ya GPT inayokaa mwishoni mwa diski. Hatua tatu za kukosea. Ni nafuu kuanza na imeji ya GiB 2 na kuiacha ikue yenyewe kwenye diski halisi.

SWALI: Inakuaje yenyewe? Nimeandika imeji ya GiB 4 kwenye diski ya GB 256 na bado naona GiB 4.

JIBU: dd hunakili baiti, haijui diski ya upande wa pili ina ukubwa gani. Kwa hiyo baada ya kuandika:

sgdisk -e /dev/sdX
growpart /dev/sdX 2
resize2fs /dev/sdX2

Ya kwanza huisogeza nakala ya GPT hadi mwisho halisi wa diski. growpart hutoka kwenye kifurushi cha cloud-guest-utils, na resize2fs hukuza ext4 hata ikiwa inatumika. Ziweke kwenye huduma ya kuwaka mara ya kwanza, au tumia systemd-repart. Sharti ni moja: patisheni ya mizizi iwe ya mwisho. Ukiweka swap nyuma yake umeifungia mlango.

Katika kuandika kwenyewe, kagua kifaa kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN, uelekeze kwenye diski nzima (/dev/sdX, si /dev/sdX1), na uongeze conv=fsync, la sivyo dd inasema imemaliza wakati data bado iko kwenye RAM:

dd if=diski.img of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

Chomoa, chomeka tena ili usisome kutoka kwenye RAM, halafu kabla hakijapachikwa:

cmp -n $(stat -c %s diski.img) diski.img /dev/sdX

Ukimya ndio ushindi. Kwa kadi nyingi, bmaptool huruka mashimo na kuandika sehemu zenye data peke yake, na hukagua hashi inapoendelea.

SWALI: Nilifungua ISO, nikabadilisha faili moja, nikaifunga tena. Haiwaki.

JIBU: Ulipoifungua ulipata mafaili, lakini rekodi za kuwashia hazimo kwenye mafaili. Usiifungue. Iache xorriso izirudie kama zilivyo:

xorriso -indev zamani.iso -outdev mpya.iso -boot_image any replay -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg

Amri hii haihitaji root. Kama ISO ina md5sum.txt, sahihisha mstari wa faili uliyobadilisha.

SWALI: Je, nihamie mkosi, au niendelee na skripti zangu?

JIBU: Skripti ikifika mistari 200 na nusu yake ikiwa ni kuondoa upachikaji baada ya makosa, hama. mkosi, zana ya kujenga imeji ya mradi wa systemd, hujenga bila root na bila loop. Faili ya mkosi.conf yatosha kuanzia:

[Distribution]
Distribution=debian
Release=trixie

[Output]
Format=disk

[Content]
Bootable=yes
Packages=
    linux-image-amd64
    systemd
    systemd-boot
    udev
    openssh-server

Chochote kilichomo kwenye folda mkosi.extra hunakiliwa ndani ya imeji kwa njia ileile. Fahamu kuwa majina ya mipangilio yake yamekuwa yakibadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo weka MinimumVersion na usiisasishe siku ya kukabidhi kazi. Kwa ISO za kuwasha bila kusakinisha, live-build (lb config, kisha lb build) inafaa zaidi. Kwa vibodi vidogo, Buildroot au Yocto. Na kama unachotaka ni kubadilisha tu imeji iliyopo, virt-customize inakutosha, usijijengee nyumba kwa ajili ya kupaka mlango rangi.

SWALI: Nikijenga mara mbili kwa skripti ileile, hashi za sha256 hazilingani. Zinaweza kulingana kweli?

JIBU: Zinaweza, ukizuia vitu vitatu: saa, bahati nasibu na hazina inayobadilika. Weka SOURCE_DATE_EPOCH kwa tarehe moja, tumia mmdebstrap badala ya debootstrap kwa kuwa inaiheshimu, na vuta vifurushi kutoka snapshot.debian.org kwa tarehe uliyoichagua. UUID zipange mwenyewe: sgdisk -U kwa diski na -u kwa kila patisheni, mkfs.vfat -i, na kwa ext4 zote mbili, -U pamoja na -E hash_seed=, kwani ile ya pili husahaulika nayo ni nasibu vilevile.

Halafu acha kuipachika. Kitendo tu cha kupachika ext4 huandika muda na hesabu ya upachikaji kwenye kichwa chake. Jaza mfumo wa faili kutoka kwenye folda kwa mkfs.ext4 -d, na ile ya FAT kwa mcopy ya mtools. Tofauti zinazobaki zisake kwa diffoscope. Mara nyingi utaikuta /var/cache/ldconfig/aux-cache au faili za /var/log, na zote ni za kufuta tu kabla ya kufunga.